Shajara ya mradi: kukeneka maji na kupima usafi wake

Ninaiandika shajara hii kwa yeyote anayetaka kutengeneza maji yake mwenyewe ya kukeneka, yale ambayo mafundi wengi huyaita maji ya betri, na zaidi kwa yule anayetaka kujua kama aliyoyapata ni safi kweli. Mimi nayahitaji kwa kazi mbili: kuongeza kwenye betri za asidi, na kuandaa myeyusho wa kupimia ugumu wa maji, yaani kalsiamu na magnesiamu iliyomo. Betri huvumilia kasoro ndogo. Myeyusho wa kupimia hauvumilii, kwa sababu uchafu wa maji yaliyoutengeneza huingia moja kwa moja kwenye jibu.

Kanuni yenyewe ni fupi. Maji huchemshwa yawe mvuke, chumvi hubaki chini, mvuke hupozwa ukarudi kuwa maji mahali pengine. Kinachochukua muda ni kila kitu kinachoweza kupita pamoja na mvuke, na kila kitu ambacho maji yatagusa baada ya hapo.

Kipimo changu kikuu ni upitishaji umeme. Maji matupu hupitisha umeme kidogo mno, na chumvi ikiongezeka upitishaji nao hupanda. Kizio chake ni mikrosimensi kwa sentimita. Hapa chini nitaandika "mikrosimensi" tu, na namba zote ni za nyuzi 25 za Selsiasi. Maji yasiyo na kitu kingine chochote yana 0.055. Kiwango cha kimataifa cha maji ya maabara, ISO 3696, kinaruhusu hadi 0.1 kwa daraja la 1, hadi 1 kwa daraja la 2 na hadi 5 kwa daraja la 3. Nimelenga daraja la 3. Maji ninayoanza nayo ni ya bomba, ni magumu, na yana 640.

6 Januari: mtambo wa kwanza, mikrosimensi 41

Sufuria ya presha ya lita 6, ya chuma kisichoshika kutu. Nimeondoa kile kizito cha juu cha kutolea mvuke na kuchomeka hapo mpira mweusi. Mpira unaingia kwenye bomba jembamba la shaba nyekundu nililolizungusha kama chemchemi ndani ya ndoo ya maji ya lita 20. Jiko ni la umeme, wati 1,500.

Neno moja kabla ya mengine yote: mtambo huu usizibwe kamwe upande wa kutokea. Mpira ukijikunja au njia ikiziba, sufuria inakuwa bomu. Vali ya usalama nimeiacha mahali pake, na kila mara kabla ya kuwasha ninapuliza kwa mdomo kutoka mwisho wa bomba kuhakikisha hewa inapita.

Nimeweka lita 5, nikakusanya lita 3 kwa saa mbili na nusu. Umeme: uniti 3.7. Kwa hesabu, kupasha lita 5 kutoka nyuzi 25 hadi 100 na kugeuza lita 3 kuwa mvuke kunahitaji kama uniti 2.3 (kila lita moja inayogeuka mvuke inakula kilojuli 2,257, na hiyo ndiyo sehemu kubwa ya gharama). Zilizobaki zimekwenda hewani kupitia kuta za sufuria.

Maji yametoka angavu, yana harufu ya mpira, na mita inasoma 41. Yamepungua kutoka 640, lakini ni mara nane ya ninachotaka.

9 Januari: kwanza niiamini mita

Kabla ya kulaumu mtambo nimeona nipime mita. Kifaa changu cha mkononi kinaonyesha "ppm" (sehemu kwa milioni), na wengi hudhani kimehesabu uchafu. Hakikuhesabu. Kimepima upitishaji umeme kisha kikazidisha kwa namba fulani iliyowekwa kiwandani, mara nyingi 0.5, nyingine hukaribia 0.7. Vifaa viwili tofauti vinaweza kutoa ppm tofauti kwa maji yale yale na vyote viko sawa. Kama kifaa chako kina kitufe cha kubadili kwenda mikrosimensi, kibonyeze na usirudi tena kwenye ppm. Zaidi ya hapo, kifaa kinachoonyesha namba nzima tu kikiandika 0, kinasema tu kwamba maji yako chini ya mikrosimensi 1 au 2 hivi. Sifuri ile si ushahidi wa usafi kamili.

Kusahihisha mita kunahitaji myeyusho sanifu. Kloraidi ya potasiamu gramu 0.7456 katika lita 1 ya maji safi hutoa 1,413. Mizani yangu inaishia kwenye sehemu ya mia ya gramu, hivyo kupima 0.7456 moja kwa moja ni kubahatisha. Nimepima gramu 7.46, nikaziyeyusha kufikia lita 1, kisha nikachukua mililita 100 za myeyusho huo na kuzijaza maji hadi lita 1 nyingine. Kosa la mizani limepungua mara kumi.

Hapo kuna fundo: ili kupima maji safi unahitaji maji safi. Maji yangu yenye 41 yangeongeza karibu asilimia 3 kwenye kipimo. Nimetumia chupa ya maji ya betri ya kununua iliyosoma chini ya 5, na kwa myeyusho wa 1,413 hiyo ni chini ya nusu ya asilimia moja. Mita imesoma 1,340. Ilikuwa inapunguza kwa asilimia 5, nimeisahihisha. Kwa hiyo maji yangu ya kwanza yalikuwa mabaya kuliko nilivyodhani, si mazuri zaidi. Namba ya 41 niliyoiandika juu ni ile iliyokwisha kusahihishwa.

14 Januari: chumvi imepanda vipi? 17

Chumvi haichemki kwa nyuzi 100. Kama ipo kwenye maji yaliyokenekwa, basi haikuja kama mvuke. Imebebwa ndani ya vitone. Kuthibitisha, nimeweka mililita 10 za maji yangu kwenye neli ya majaribio ya kioo, tone moja la asidi ya nitriki iliyozimuliwa, na matone mawili ya nitrati ya fedha. Nimeishika mbele ya karatasi nyeusi. Kwa sekunde chache hakuna kitu, halafu ukungu mweupe ukaanza kujikunja kutoka pale matone yalipotua, kama moshi mwembamba unaoshuka. Hiyo ni kloraidi, sehemu ya chumvi. (Vaa glovu. Nitrati ya fedha ikigusa ngozi huacha doa jeusi linalokaa siku kadhaa.)

Sababu ilikuwa wazi nilipofungua sufuria nikiwa nimeitoa motoni: ukoko wa chokaa umeenda hadi kwenye tundu la mfuniko. Lita 5 ndani ya sufuria ya lita 6 hazikuacha nafasi. Maji yalipochachamaa, povu lilifika juu na kusukumwa ndani ya mpira. Na kadiri kazi inavyoendelea ndivyo maji yaliyobaki yanavyozidi chumvi: kutoka lita 5 hadi 2 ni mara mbili na nusu.

Nimebadilisha mambo matatu. Sijazi tena zaidi ya lita 3. Maji yakishachemka nashusha jiko hadi wati 1,000. Na kati ya mfuniko na mpira nimesimamisha bomba pana la chuma, sentimita 30 kwenda juu, nikalijaza stilwaya isiyoshika kutu ili vitone vinase humo na kudondoka vikirudi chini. Bomba nimelifunga kitambaa kinene lisipoe kabla ya wakati.

Sasa ni 17, na nitrati ya fedha haionyeshi ukungu hata baada ya dakika tano. Nilifurahi sana na hiyo stilwaya. Nitaizungumzia tena mbele.

21 Januari: shaba na mpira vinatoka, 11

Kama kloraidi imekwisha, 17 inatoka wapi? Harufu ya mpira bado ipo, na nimeanza kulishuku bomba la shaba. Maji yaliyokenekwa yana njaa. Hayana kitu ndani, na huchota kidogo kutoka kwa karibu kila chuma yanachopitia, hasa yakiwa ya moto.

Nimechukua nusu lita ya maji hayo, nikaikausha polepole kwenye bakuli la kioo hadi ikabaki kama kijiko kimoja cha chai, kisha nikadondoshea amonia. Kwenye mwanga wa dirisha rangi ya buluu hafifu ikajitokeza, hafifu kiasi kwamba nililazimika kuweka pembeni bakuli la pili lenye maji matupu na amonia ili nilinganishe. Buluu ile ni shaba. Kwa betri hiyo ni sumu ya polepole, kwani chuma cha kigeni ndani ya betri huifanya ijimalize yenyewe hata ikiwa imekaa bila kutumika.

Shaba imetoka. Badala yake nimeweka kondensa ya kioo cha borosiliketi, ile ya aina ya Liebig: bomba la ndani la mvuke, koti la nje la maji ya kupozea. Mpira mweusi nao umetoka, na kiungo kifupi cha silikoni kimechukua nafasi yake.

Kondensa ya kwanza niliivunja siku hiyo hiyo, na ni kosa langu. Nilisahau kufungua maji ya kupozea, mvuke ukaanza kutoka mbele, nikafungua maji baridi kwa haraka. Kioo kilitoa mlio mmoja mkavu na ufa ukazunguka shingo nzima. Borosiliketi huvumilia mabadiliko ya joto kuliko kioo cha kawaida, lakini pale kwenye maungio uvumilivu huo una mwisho. Tangu hapo utaratibu ni huu: maji ya kupozea kwanza, moto baadaye. Maji yaingie chini na kutokea juu ya koti, ili koti lijae muda wote. Ukikuta umesahau, zima jiko, acha kila kitu kipoe, anza upya.

Suala la maji ya kupozea lilinipa kazi pia. Lita moja ya mvuke ikirudi kuwa maji na kupoa hadi nyuzi 40 inatoa kama kilojuli 2,500. Ndoo ya lita 20 inapanda nyuzi 30 kwa kila lita unayokusanya, yaani lita mbili tu na ndoo yako haipozi tena kitu. Kuyaacha maji ya bomba yatiririke na kumwagika ni upotevu nisioutaka. Nimeweka pipa la lita 100 na pampu ndogo ya kuzungusha. Linatosha kazi ya siku, na usiku linapoa lenyewe.

4 Februari: gesi, 3.2

Wiki mbili nimekwama kwenye 11. Nimesafisha, nimesuuza, nimebadilisha kiungo cha silikoni. 11 ile ile. Kilichonifungua macho ni kuacha kukusanya kila kitu kwenye chupa moja. Nimekusanya mililita 200 kwa mililita 200, kila fungu kwenye kichupa chake chenye kifuniko, nikaviacha vipoe hadi nyuzi 25 na kupima kimoja kimoja. Fungu la kwanza: 29. La pili 16, la tatu 10, kisha 8, 7, na kutulia kwenye 6. Fungu la tisa likaanza kupanda tena, 7, na la kumi 9.

Namba hizi zinaeleza mambo mawili tofauti. Mwishoni mwa kazi maji yaliyobaki chini ni mazito kwa chumvi na yanarusha vitone vyenye nguvu. Hapo dawa ni kuacha mapema. Mwanzoni ni gesi. Maji magumu yana bikaboneti ya kalsiamu. Yakichemshwa, bikaboneti inavunjika: chokaa inashuka na kuganda kwenye sufuria, na kabonidayoksaidi inapanda na mvuke. Inafika kwenye kondensa, inayeyuka upya ndani ya maji baridi, inakuwa asidi dhaifu yenye ioni (chembe zenye chaji ya umeme), na mita inaziona. Amonia na klorini, kama zipo kwenye maji yako, zinapita njia hiyo hiyo. Kwa gesi, kukeneka hakuzuii kitu. Ndio usafiri wake.

Marekebisho: nachemsha dakika 15 bila kuunganisha kondensa, gesi iende zake hewani. Nikiunganisha, namwaga mililita 300 za mwanzo. Naacha ikibaki lita 0.6 chini. Na nimepunguza mwendo wa maji ya kupozea ili maji yanayotoka yawe ya moto kiasi, kwa sababu maji ya moto hushika gesi kidogo kuliko ya baridi.

Jibu: 3.2. Nimeingia daraja la 3 kwa upitishaji.

Gharama yake ni hii: kutoka lita 3 napata lita 1.8 za kutunza, kwa saa 2 na dakika 20 hivi na uniti 2.4. Yaani uniti 1.3 kwa lita. Anayekuambia kukeneka ni rahisi kwa gharama hajasoma mita yake ya umeme.

Nimefanya na jaribio la kujiridhisha. Nimechemsha sampuli ya 3.2 dakika kumi, nikaiziba ikiwa inachemka na kuiacha ipoe ikiwa imefungwa: 2.1. Nikafungua kifuniko, nikaiacha wazi, ikapanda tena. Sehemu hiyo inayoshuka na kupanda ni kabonidayoksaidi ya hewani, na haina dawa kwa mtu anayefanya kazi mahali penye hewa. Maji safi kabisa yakikaa wazi yatatulia karibu na mikrosimensi 1 na pH (kipimo cha uasidi) kama 5.6, bila mtu kuyatia chochote.

Ndiyo maana vikaratasi vya pH havifai hapa. Nimejaribu vitatu kwenye maji yale yale: kimoja 5, kingine 6, kingine 7. Maji haya hayana nguvu ya kushikilia pH yao, na rangi ya karatasi yenyewe inatosha kuisukuma. Mita ya pH nayo ilikuwa inayumba bila kutulia, kwa sababu inahitaji ioni ili ifanye kazi. Mbinu inayotumika kwenye vipimo vya maji ya dawa ni kutia kloraidi ya potasiamu iliyokolea kabisa, mililita 0.3 kwa kila mililita 100. Nilipofanya hivyo namba ilisimama kwenye 5.8, na ISO 3696 inataka kati ya 5.0 na 7.5 kwa daraja la 3.

18 Februari: mita imeridhika, maji hayajaridhisha

Ingizo hili ndilo ninaloomba lisomwe kwa makini kuliko mengine.

Maji ya wiki hii yamesoma 3.1. Nilikuwa nimeyamimina kwenye glasi iliyooshwa vizuri, nikayamwaga, na nikaona kitu: badala ya maji kushuka kwenye ukuta wa glasi kama utando mmoja, yalikatika vipande vipande na kuacha vitone vimesimama. Glasi safi na maji safi haviachani hivyo. Vitone vinavyosimama maana yake kuna mafuta, kwenye glasi au kwenye maji. Nikaiosha glasi upya, nikarudia. Vitone vikasimama pale pale.

Mita ya upitishaji haioni mafuta. Haioni sukari, haioni spiriti, haioni chochote kisichojigawa kuwa ioni. Maji yenye mafuta ya taa yaliyoyeyuka humo yanaweza kusoma vizuri kuliko maji mengi ya maabara. Kwa hiyo nimefanya kipimo cha pamanganeti ya potasiamu, ambacho ni cha zamani na kinaaminika: mililita 100 za maji, mililita 10 za asidi ya salfuriki iliyozimuliwa (daima asidi ndani ya maji, si maji ndani ya asidi), na mililita 0.1 ya pamanganeti ya kipimo cha mola 0.02 kwa lita. Chemsha dakika 5. Pamanganeti hula vitu vya kikaboni, kama mafuta na sukari, na katika kuvila hupoteza rangi yake. Rangi ya waridi ikibaki, hata hafifu, maji yamepita.

Yangu yalianza waridi laini. Dakika ya pili yakawa kama chai nyepesi sana. Dakika ya tatu yalikuwa hayana rangi kabisa. Yamefeli.

Nimetafuta chanzo siku nne. Nikakata kiungo cha silikoni, nikaweka kingine nilichokichemsha mara tatu, yakafeli. Nikajaribu maji ya chanzo kingine, yakafeli. Mwishowe nikaitoa ile stilwaya niliyoifurahia Januari na kuifinya ndani ya karatasi nyeupe. Karatasi ikapata alama ya kung'aa, ya uwazi, isiyokauka. Waya huo hutengenezwa kwa mashine na hutoka ukiwa na mafuta ya mashine, na mvuke wa nyuzi 100 umekuwa ukiyavuta mafuta hayo tone kwa tone na kuyapeleka kwenye chupa zangu kwa mwezi mzima. Kitu nilichokiweka kusafisha ndicho kilichochafua, na kipimo changu pekee hakikuwa na macho ya kukiona.

Nimeiosha stilwaya kwa sabuni ya maji na maji ya moto mara tatu, nikaichemsha kwenye myeyusho wa magadi nusu saa, nikaisuuza mpaka mikono imechoka, kisha nikairudisha na kupitisha mvuke saa nzima huku namwaga kila kilichotoka. Kipimo kilichofuata: waridi dakika ya tano, na waridi hata baada ya kupoa. Glasi nayo sasa inalowa kwa utando mmoja. Upitishaji? 3.1, kama ulivyokuwa. Namba ile haikusogea hata kidogo kati ya maji yenye mafuta na maji yasiyo na mafuta.

Nimemwaga lita zote 23 nilizokuwa nimehifadhi. Ni kama uniti 30 za umeme. Nimeumia, lakini sikuwa na namna ya kujua chupa ipi ina kiasi gani.

Tangu leo sisemi "maji ni safi" bila kusema yamepimwa nini. Upitishaji kwa ioni, nitrati ya fedha kwa kloraidi, pamanganeti kwa vitu vya kikaboni. Kwa kalsiamu na magnesiamu naongeza eriokromu nyeusi T, rangi ya kupimia ugumu, kwenye maji yaliyowekwa pH 10: ikibaki buluu hakuna ugumu, ikienda zambarau au nyekundu upo. Yangu ni buluu.

3 Machi: chupa

Maji ya siku moja, yote 3.0, yamewekwa kwenye vyombo vinne kwa siku 14. Chupa ya kioo cha kawaida iliyowahi kuwa na chakula: 7.4. Kioo hicho hutoa sodiamu polepole ndani ya maji. Chupa ya borosiliketi: 3.4. Chupa mpya ya polithini iliyosuuzwa mara tatu kwa maji haya haya na kujazwa hadi shingoni: 3.3. Chupa kama hiyo iliyojazwa nusu na kufunguliwa kila siku: 4.6.

Chupa ya mwisho nilipopitisha kidole ndani ya shingo nilihisi utelezi. Ni bakteria. Wapo wanaoishi na kuongezeka ndani ya maji yaliyokenekwa kwa chakula kidogo mno, na ndiyo maana maji haya hayapaswi kamwe kuchukuliwa kuwa hayana vijidudu. Yalikuwa hayana yalipokuwa mvuke. Baada ya hapo ni habari ya chupa. Yasitumike kwa sindano wala kwa vidonda.

Sasa natumia chupa ndogo za polithini za nusu lita, zimejaa, zimeandikwa tarehe. Nikifungua moja naitumia wiki hiyo.

17 Machi: kukeneka mara ya pili, 1.3

Kwa myeyusho wa kupimia nilitaka kushuka zaidi. Chupa tumbo ya kioo cha borosiliketi ya lita 2, kondensa ile ile, ndani yake maji ya 3.0, punje chache za pamanganeti ya potasiamu na kidogo cha hidroksaidi ya sodiamu. Pamanganeti inavichoma vitu vya kikaboni vilivyobaki, na hidroksaidi inashikilia kabonidayoksaidi isipande.

Hapa nilikosea kwa namna ambayo ingeweza kuniunguza. Maji safi ndani ya kioo laini hayana pa kuanzia viputo. Yanaweza kupita nyuzi 100 yakiwa yametulia kimya. Nilikuwa nimesahau kutia vipande vya kauri vya kuanzishia viputo, na nilipokumbuka nikavidondosha vikiwa vinaingia kwenye maji ya moto. Chupa nzima ililipuka kwa povu. Nilikuwa nimesimama pembeni, na miwani ilikuwa usoni. Vipande vya kauri vinaingia maji yakiwa baridi, kabla ya moto. Ukivisahau, zima, subiri yapoe kabisa, ndipo uvitie.

Kosa hilo liliniachia kitu kimoja cha manufaa. Povu lilipofika kwenye kondensa, zambarau ilionekana wazi ikishuka kwenye kioo na kuingia kwenye maji yaliyokusanywa. Kwenye sufuria vitone vinavyobebwa havionekani. Hapa pamanganeti yenyewe inavitia rangi. Tangu hapo naangalia sehemu ya juu ya kondensa kila mara: ikiwa nyeupe kabisa, hakuna kilichorushwa.

Awamu ya pili, kwa moto wa taratibu, nikimwaga sehemu ya kumi ya mwanzo na kuacha robo mwishoni: 1.3. Pamanganeti imepita, nitrati ya fedha imepita, eriokromu ni buluu. Umeme wa jumla kwa lita moja iliyokenekwa mara mbili ni uniti 3.2, ukihesabu na ile inayomwagwa.

Daraja la 2 linataka 1, na sitalifukuzia kwa mtambo huu. Mwaka 1894 wanafizikia wa Kijerumani Kohlrausch na Heydweiller walifikisha maji kwenye 0.043 kwa nyuzi 18, lakini waliyakeneka ndani ya ombwe na kuyapima bila kuyagusisha na hewa. Mimi ninayafungua mezani, na hewa pekee inarudisha karibu mikrosimensi 1. Pia mita za mkononi husahihisha joto kwa kama asilimia 2 kwa kila nyuzi, wakati maji yaliyo safi sana hubadilika karibu asilimia 5. Kwa namba ndogo hivi nisipopima kwenye nyuzi 25 hasa, ninachosoma ni joto la chumba.

Kipimo kimoja cha ISO 3696 sijakifanya na kwa vifaa hivi siwezi: masalio baada ya kukausha. Daraja la 3 linaruhusu miligramu 2 kwa kilo. Mizani yangu inaanza kuona kwenye miligramu 10, hivyo ningelazimika kukausha zaidi ya lita 5 ndani ya bakuli moja bila vumbi kuingia. Nilichofanya ni kukausha mililita 100 za maji ya bomba na mililita 100 za haya kwenye visahani viwili vya kioo, kando kwa kando. Cha kwanza kimebaki na duara jeupe lenye kingo nene linalokwaruza ukucha. Cha pili nilikigeuza kwenye mwanga mara kadhaa kabla ya kukubali kwamba ninachokiona ni kivuli cha dirisha.

30 Machi: hali ya sasa

Mtambo wa sufuria unafanya kazi mara moja kwa wiki kwa ajili ya betri, chupa tumbo mara moja kwa mwezi. Ukoko wa chokaa nautoa kwa asidi ya sitriki ya moto kila baada ya kazi nne. Nikichelewa hadi ya sita, namba inapanda hadi 4 na zaidi kwa sababu chokaa inasaidia povu. Pamanganeti naipima kila ninapobadilisha chochote kinachoguswa na mvuke, hata kama ni kiungo cha sentimita 5. Kinachofuata ni kufunika sufuria kwa sufi ya madini nione kama uniti 1.3 kwa lita zitashuka kufikia 1. Nitaongeza ingizo nikishapata namba za kazi tano mfululizo.